Torgny Sahlberg na Runinga ya Kooni

Kwa miaka mingi, mtu yeyote mwenye koo gumu kupitishiwa mrija wa hewa katika wilaya ile ya kaskazini mwa Uswidi aliishia mikononi mwa Torgny Sahlberg, ingawa mwenyewe hakujua, maana wakati huo alikuwa amelala. Kazi ya nusukaputi ina kasoro hiyo: ukiifanya vizuri, hakuna anayekumbuka kama ulikuwepo. Wapasuaji huletewa chokoleti, na msimu wa mawindo huletewa nyama ya kulungu iliyofungwa kwenye karatasi. Daktari wa nusukaputi akibahatika huulizwa, "Samahani, wewe ndiye uliyenichoma sindano?"

Kazi yenyewe, ukiisimulia harakaharaka, ni ndogo. Mgonjwa akishalala na misuli ikalegea, hawezi kupumua mwenyewe. Lazima mtu ampitishie mrija kooni, katikati ya nyuzi za sauti, na afanye hivyo kabla mgonjwa hajaanza kugeuka rangi. Ili kuziona nyuzi hizo unatumia laringoskopu, yaani mpini wenye bapa la chuma lililopinda na kitaa kidogo. Unasimama kichwani pa mgonjwa, unainua ulimi na taya kwa bapa, unainama, unafumba jicho moja, unachungulia. Anayechungulia ni mmoja tu. Wengine wote chumbani wanamtazama yeye usoni na kusubiri.

Torgny alikuwa hodari wa kuchungulia. Wenzake walipokwama walimwita, naye alikuja bila haraka, mrefu kama mlango, akainama, akanyamaza, kisha akasema, "Mrija." Basi. Akarudi kwenye kahawa yake. Zilipotoka laringoskopu zenye kamera, zinazomwonyesha mtu koo zima kwenye skrini, Torgny alikuwa na jibu lake moja, nalo alilitoa kwenye mikutano, kwenye sherehe za kuaga wastaafu, na mara moja kanisani wakati wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake: "Mimi runinga naangalia nyumbani." Watu walicheka. Walicheka miaka kumi na tano. Mtu akichekewa kwa muda huo kwa neno moja, neno hilo humganda, hata siku akitaka kulivua halivuki.

Siku ya kutaka kulivua ilifika kwa njia ya shingo. Alikuwa juu ya paa la nyumba yake akisukuma theluji kwa koleo, kama kila mwanamume wa mtaa ule mwenye umri wa kutosha kukatazwa kufanya hivyo, akasikia kitu kimegoma nyuma ya shingo. Hakikutengemaa tena. Alipigwa picha ya eksirei katika mji wa mbali, ambako hakuna aliyemfahamu, akaambiwa pingili zimesagika, kwamba haitakuwa mbaya sana wala haitakuwa nzuri tena, na aepuke kuinama. Alishukuru. Tangu siku hiyo mkewe, Lisbet, ndiye aliyerudisha gari nyuma, na Torgny akiwa peke yake aliegesha pale tu ambapo angeweza kutoka kwa kwenda mbele.

Kazini hakumwambia mtu. Alichofanya ni kupandisha meza ya upasuaji. Mgonjwa akija juu, daktari hana haja ya kwenda chini. Kwanza aliipandisha kidogo, kisha kidogo tena, hadi Ylva Rönnqvist, muuguzi wake wa nusukaputi, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, akalazimika kufanya kazi juu ya kigoda.

"Torgny, huyu tunampasua au tunampeleka mbinguni?" aliuliza siku moja akiwa huko juu.

"Mwanga ni mzuri zaidi."

"Utakuwaje mbaya, na yuko jirani na taa?"

Pale ambapo hapakuwa na meza ya kupandishwa, yaani wodini, kwenye vitanda vya zamani, alipiga magoti nyuma ya kichwa cha mgonjwa. Jambo hili lilizua kitu asichokitarajia. Hampus Lidgren, daktari mwenye umri karibu na wa binti yake, mwingi wa bidii na ndevu zilizochongwa, alimwona akipiga magoti akadhani ni ufundi. Baada ya muda Hampus naye alikuwa akipiga magoti, na madaktari wa mafunzo wakamfuata. Hospitali ile ndogo ikapata sifa hadi pwani kwamba kuna namna yao ya kupitisha mrija, ya unyenyekevu.

Hofu ya Torgny ilikuwa na jina na mahali. Jina lilikuwa Rolf, mahali palikuwa ghorofa ya chini, chumba cha mahojiano. Rolf alikuwa daktari wa nusukaputi kama yeye hadi magoti yalipomshinda. Wakamtafutia kazi ya kukaa, kwa wema, kama mambo yote yanavyofanywa katika nchi ile. Sasa Rolf alikaa mbele ya kompyuta akiwauliza watu watakaopasuliwa wiki ijayo kama wana jino linalolegea. Alikuwa na mmea dirishani. Torgny alipopita pale Rolf alimpungia mkono, na Torgny alipunga bila kugeuza kichwa, jambo ambalo Rolf alilichukulia kuwa majivuno.

Ndipo jimbo likaagiza kila hospitali ichague aina moja ya laringoskopu ya kamera na kuiweka katika kila chumba cha upasuaji. Solveig Näslund, mkuu wa idara, aliunda kikundi cha kuchagua: yeye mwenyewe, Ylva, Hampus, Jörgen fundi wa vifaa, na Torgny.

"Mimi?" Torgny aliuliza. "Unajua ninavyoviona vitu hivyo."

"Ndiyo maana," alisema Solveig. "Lazima na upinzani uwepo."

Aina zilizobaki baada ya kuchujwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mkononi: mpini ule ule wa zamani, bapa lenye mkunjo ule ule, na skrini ndogo, kubwa kidogo kuliko sanduku la kiberiti, imebandikwa juu ya mpini. Unaitia mfukoni unaondoka. Ya pili ilikuwa ya mlingoti: bapa limekunjwa zaidi, limeungwa kwa waya na skrini pana iliyosimama kwenye mlingoti wenye magurudumu. Unaiweka ng'ambo ya mgonjwa, usawa wa macho, unatazama mbele kama mtu anayeendesha gari. Dada muuzaji wa ya mlingoti alisafiri kutoka kusini kabisa kuja kuionyesha, na kwa kuwa sheria inamkataza kuwapa watumishi wa umma hata kipande cha keki, alikula mandazi yao ya mdalasini na kuwashukuru kwa lafudhi ambayo hakuna aliyeielewa vizuri.

Torgny aliijaribu ya mkononi kwanza. Skrini ilikuwa kwenye mpini, mpini ulikuwa kwenye mdomo wa mgonjwa, na mdomo wa mgonjwa ulikuwa chini. Ili kuiona ilibidi atazame chini, na kutazama chini ndiko kulikokuwa kumemshinda. Alifanikiwa, kwa meza ya kupaa na kwa kuuma meno.

Ya mlingoti aliijaribu katika juma la mawindo, wakati nusu ya wafanyakazi wamo msituni na nusu nyingine wanawangoja waletwe. Aliyeletwa siku hiyo alikuwa mwindaji mnene aliyeanguka kutoka kwenye kilingo chake cha kuwindia na kuvunjika paja, mtu wa ndevu hadi kifuani na shingo isiyoonekana inapoanzia. Koo gumu, ukilitazama kwa nje tu. Torgny alimlaza, akaingiza bapa, akainua macho. Mbele yake, usawa wa pua yake, nyuzi mbili za sauti zilikuwa zimekaa peupe, kubwa kama mlango wa kanisa. Alikuwa amesimama wima. Hakuna kilichomuuma. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kama mtu aliyefika mahali akakuta kiti chake bado kipo.

Ylva alimtazama kutoka kigodani. "Haya? Unaionaje?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Kinywa chake kikafunguka, na kwa mazoea ya miaka kumi na tano kikatoa kile kilichozoea kutoka. "Kinachokosekana ni kochi na bakuli la bisi tu."

Ylva akacheka. Hadi saa ya chakula idara nzima ilijua kwamba Torgny ameichukia ya mlingoti.

Ni lazima ieleweke jinsi watu wale wanavyoamua mambo. Mkutano kwao hauamui kitu. Maamuzi hufanyika kabla, kwenye korido, mbele ya mashine ya kahawa, kwenye maegesho wakati wa kukwangua barafu kwenye vioo vya magari, kwa nusu sentensi na kuinua nyusi. Mkutano ni wa kuthibitisha kwamba hakuna aliyeumia. Mwishoni neno huzungushwa mezani, kila mtu akisema lake kwa zamu, na kila mtu akisema la mwenzake. Kupinga wakati huo si marufuku. Kukojoa kwenye chungu cha maua nako si marufuku, lakini hakuna aliyewahi kuona kukifanyika.

Kwa hiyo katika wiki zile wenzake walikuwa wakimfikiria Torgny. Walimfikiria kwa huruma ya kweli. Ylva aliipenda ya mlingoti, kwa sababu naye angeiona skrini na kujua lini ampe mrija. Hampus aliipenda kupita kiasi. Solveig aliona inafaa kufundishia. Lakini kila mmoja, kwa wakati wake, aliwaza kuwa mzee amebakiza miaka michache, kazi imekuwa maisha yake, na kumlazimisha kuhitimisha safari yake akitazama runinga ni ukatili. Ya mkononi angalau inafanana na ile yake ya zamani. Basi, kimyakimya, wakaelewana.

Hampus ndiye aliyempasulia habari, katika chumba cha kubadilishia nguo, akivua viatu.

"Mzee, usiwe na wasiwasi kuhusu mkutano wa Alhamisi. Tumeshaelewana. Ni ile ya mkononi."

Torgny alikuwa ameshika fulana yake. "Nani ameelewana?"

"Wote. Tunajua haikuwa rahisi kwako, na hukulalamika hata mara moja. Hilo tumeliona."

"Lakini wewe si ulikuwa unaitaka ya mlingoti?"

"Mimi nina muda," alisema Hampus kwa upole, akampiga begani, karibu kabisa na pale panapouma.

Nyumbani Lisbet alisikiliza huku akimenya viazi.

"Kwa hiyo wamekupa zawadi," alisema.

"Ndiyo."

"Na zawadi yenyewe itakupeleka kwa Rolf."

"Nikiwa na ile ya mkononi, mwaka haupiti. Nitaonekana tu. Au nitashindwa kumpitishia mtu mrija kwa wakati, na hilo sitaki hata kulifikiria."

"Basi waambie."

"Nikiwaambia shingo, Solveig ataniteremsha chini siku hiyo hiyo. Nitawapa sababu nyingine. Zipo nyingi, tena za kweli."

"We Torgny," alisema Lisbet, "wale watu wamekaa wiki hizi zote wakikuhurumia. Unadhani watakubali kunyang'anywa hivihivi?"

Alhamisi kahawa ilimiminwa. Mandazi yalikuwa ya iliki. Solveig aliwashukuru wote kwa kazi nzuri iliyofanyika, akasema anahisi wapo karibu sana, na neno likazungushwa.

"Upande wangu ya mkononi," alisema Jörgen, mtu aliyependa mashine kuliko watu na hakulificha. "Haina magurudumu. Chochote chenye magurudumu katika hospitali hii hurudi kwangu kikiwa na moja pungufu."

"Ya mkononi," alisema Ylva. "Ile nyingine ilikuwa na mambo yake mazuri, lakini sitalia."

"Ya mkononi," alisema Hampus. "Mkunjo wa bapa ni ule tulioufundishwa sote. Ni uamuzi wenye heshima kwa ujuzi uliopo." Alitamka neno heshima akitazama sahani ya mandazi.

"Nami naungana nanyi," alisema Solveig. "Torgny, hebu tufungie."

"Mimi nataka ya mlingoti," alisema Torgny.

Katika chumba kile watu walikuwa wamesema kwamba labda ingefaa, kwamba mtu angeweza kufikiria, kwamba pengine kuna haja ya kutazama uwezekano. Neno nataka halikuwahi kusikika humo. Jörgen aliacha kutafuna.

"Lakini mzee," alisema Hampus, "wewe si ndiye uliyesema kochi na bisi?"

"Nimesema mambo mengi."

Akatoa sababu zake. Kwamba kwenye skrini pana kila mtu chumbani anaona, na msaidizi hasubiri kuamriwa gizani. Kwamba kwa shingo fupi na mdomo usiofunguka, bapa lenye mkunjo mkubwa linaonyesha kile ambacho lile la kawaida halionyeshi. Kwamba wanafunzi watajifunza haraka. Zote zilikuwa za kweli, na wote walitikisa vichwa kukubali kila moja, na hakuna kilichosogea. Kumbe ya mkononi nayo ilikuwa na sababu zake, na kwa kuwa sasa kulikuwa na maoni mawili, ilionekana vibaya kuharakisha.

"Labda tulipeleke kwenye kikundi kidogo," alisema Solveig.

"Sisi ndio kikundi kidogo," alisema Jörgen.

"Kidogo zaidi."

"Jimbo linataka jibu kesho," alisema Ylva. "Tusipojibu watachagua wenyewe, na watachagua kinachoingia kwenye droo."

Torgny aliwatazama. Kwa kuwatazama ilibidi azungushe kiwiliwili kizima, mtu hadi mtu, kama taa ya kuongozea meli, na ilimshangaza kwamba hawajawahi kuliona. Alijua kwamba sababu za kitabibu wangeweza kuzipima hadi theluji iyeyuke. Jambo moja tu nchini mwao halipimwi wala halipelekwi kwenye kikundi, nalo ni mwili wa mfanyakazi mwenzako.

"Shingo yangu haiinami," alisema. "Imekufa tangu msimu wa baridi ule wa theluji nyingi. Nikiwa na ya mkononi siwezi kufanya kazi. Nikiwa na ya mlingoti naweza. Ndiyo sababu yangu. Zile nyingine mnaweza kuzihifadhi."

Wa kwanza kusema alikuwa Ylva.

"Subiri kwanza. Ile meza."

"Ndiyo."

"Miaka miwili nimepanda kigoda kama kuku, unaniambia mwanga."

"Mwanga nao ulikuwa mzuri."

"Mwanga! Mimi nilianza kufikiri nimefupika, bwana! Nilimuuliza daktari wangu!"

"Na magoti?" Hampus aliuliza polepole. "Wodini? Unapopiga magoti?"

"Shingo."

Hampus alikunywa kahawa yake yote. Alikuwa ameufundisha ufundi ule hadi hospitali ya chuo kikuu.

Solveig hakucheka. "Torgny, unajua kwamba nikishasikia jambo kama hili, siwezi kujifanya sikusikia."

"Najua. Ndiyo maana hukulisikia mapema."

"Ilibidi uniambie siku ile ile."

"Ilibidi."

"Mtu angeweza kuumia."

"Hajaumia," alisema Torgny, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "bado."

Neno likazungushwa mara ya pili. Likaenda haraka mno, ya mlingoti, ya mlingoti, ya mlingoti, hata Jörgen, ambaye aliomba iandikwe tu kwamba alitaja magurudumu. Baadaye Hampus alikiri korido nzima ikimsikia kwamba tangu mwanzo, ukimtoa Jörgen na magurudumu yake, hakuna mtu hata mmoja aliyeitaka ya mkononi. Walikuwa wamekaribia kuinunulia hospitali nzima chombo ambacho hakuna daktari wala muuguzi aliyekipenda, kwa kumpenda Torgny.

Solveig alimpeleka kwa daktari wa wafanyakazi. Huyo alikuwa mwanamke mtulivu aliyemwambia atazame dari, akashindwa, atazame sakafu, akashindwa, akamuuliza kwa nini basi anadhani anaweza kazi. Torgny akamwomba aje kuona. Akaja na kofia ya plastiki kichwani, akasimama kona asubuhi nzima. Uamuzi wake ulimuumiza Torgny kwa nusu na kumfurahisha kwa nusu, jambo ambalo katika jimbo lile huhesabika kuwa ushindi. Zamu za dharura, marufuku. Kwenda na helikopta kuokota watu milimani, marufuku, na hilo alikuwa akilipenda. Wodini kwenye vitanda vya chini, amwachie mwingine, na huyo mwingine asimame kama binadamu. Chumba cha upasuaji, mchana, ya mlingoti ikiwa ng'ambo ya mgonjwa na mwenzake akiwa karibu: ruksa. Rolf alibaki peke yake na mmea wake.

Mashine zilifika kabla ya Krismasi. Mgonjwa wa kwanza wa Torgny alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki aliyekuja kutolewa mfuko wa nyongo. Meza ilikuwa usawa wa watu wote. Skrini ilikuwa imegeuzwa vizuri, na kwa kuwa ilikuwa pana na inang'aa, kila aliyekuwemo aliitazama: Ylva, Hampus, mpasuaji aliyekuwa bado hajanawa, muuguzi wa vyombo, na mtu wa usafi aliyekuja kuchukua mfuko. Torgny aliingiza bapa. Koo likatokea, jekundu na safi, na chumba kizima kikasema aah.

Kisha akaingiza mrija, na mrija haukuenda. Mkono wake ulikuwa umezoea njia iliyonyooka ya bapa la zamani; hili jipya linaona ng'ambo ya kona, na mrija usipokunjwa kufuata kona hiyo hugonga pembeni ya kile unachokitazama. Akausogeza. Ukagonga tena. Koo ambalo kwa miaka thelathini alikuwa akiliona peke yake, kwa jicho moja, sasa lilikuwa na watazamaji sita pamoja naye.

"Kushoto kidogo," alisema Hampus.

"Naona," alisema Torgny.

"Rudisha kwanza, halafu kunja ncha juu," alisema Ylva.

"Naona, jamani."

"Na sisi tunaona," alisema Ylva.

"Mimi ningesema kulia," alisema mpasuaji, ambaye hakuwa ameulizwa.

Torgny aliurudisha mrija, akaukunja kidogo zaidi waya wa ndani unaoupa umbo, akaupitisha tena. Kwenye skrini ncha ilikuja kutoka chini, ikasitasita mbele ya nyuzi za sauti, ikaingia. Mtu wa usafi alipumua kwa nguvu. Hewa ikaanza kwenda na kurudi, na kifua cha mwalimu wa muziki kikainuka.

"Si mbaya," alisema mpasuaji.

Torgny alibaki pale pale kichwani pa mgonjwa, wima, akifunga mrija kwa plasta. Ylva aliusogeza mlingoti kando, gurudumu moja likakwama kwenye waya, naye akamwita Jörgen.